Theopista na Ukurasa wa Babu Yohana

Theopista alizaliwa miguu mbele. Mimi ndiye niliyempokea, na nawaambia miguu ile ilikuwa inatembea kabla kichwa hakijafika. Anayebisha akamuulize mama yake, kama atampata, maana yuko kaburini tangu mwaka wa njaa, ule wa unga wa yanga. Baba yake ni Sirili, mtoto wa shemeji yangu Yohana. Mimi niliolewa na mdogo wake Yohana, kwa hiyo Sirili ananiita mama mdogo, Theopista ananiita bibi, na wote wawili wananiita mwongo nikishavuka masale, ile mimea ya mpaka wa uani.

Theopista alisoma akawa mwalimu, akafundisha historia. Akaolewa Sanya Juu na mwanamume mmoja mwenye sauti nzuri ya kanisani. Mume akaenda Mererani kutafuta mawe, na huko ardhi ikammeza au mwanamke mwingine akammeza. Hatukuletewa habari kamili. Theopista akarudi kwa baba yake na mabinti wawili na cherehani. Kwetu binti akirudi nyumbani hupikiwa kiburu cha ndizi na maharage, na kabla hajamaliza kula huulizwa ataondoka lini. Sirili hakumuuliza. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Alimwonyesha kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la ukoo, penye migomba na kahawa iliyozeeka, akasema, "Anzia hapa."

Kipande kile kiliishi kwa maji ya mfongo. Mfongo ni mfereji wetu, unatoka mtoni kule msituni, unazunguka kilima, unashuka kihamba hadi kihamba. Aliyeuchimba ni baba yake Yohana. Watu wanasema alichimba kwa jembe la mti mpaka mgongo ukapinda. Mimi niliyekula kwenye nyumba yake nasema aliburuta fimbo tu na maji yakamfuata kama mbuzi. Jina lake silitaji. Kwetu jina la mchimba mfongo halitajwi kwa mgeni, kama ambavyo mtu hahesabu ng'ombe wala watoto wake mbele ya mgeni. Jicho la mgeni likiingia mle, maji yanakauka. Kwa kuwa aliyechimba alikuwa mtu wa chini, zamu ya kwanza, ile ya alfajiri, ni yetu sisi wa chini. Wa juu hufuata. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeiandika, kwa sababu nani anaandika kwamba jua hutoka upande wa Mawenzi?

Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Walikuja wanunuzi wa kila aina na mizani yao, na kila mmoja alikuja na bei ndogo kuliko mwenzake. Wa juu wakang'oa mibuni. Wa kwanza kung'oa alikuwa Yoramu, mtoto wa marehemu Efraimu, akapanda nyanya. Nyanya zikapanda lori, zikavuka mpaka wa Holili, Yoramu akajenga nyumba ya vigae. Lakini nyanya ina kiu kuliko mlevi. Mwaka ule ukame ulikuwa mkali hata vyura walisahau kuogelea, na Yoramu akaziba mfongo juu kwa magunia ya mchanga. Alfajiri ikafika, maji hayakufika. Migomba ya Theopista ikaning'iniza majani kama masikio ya mbwa aliyepigwa.

Sirili alipanda kumwona. Yoramu akamwambia, "Mbe, ndugu yangu, maji ni ya Mungu." Sirili akajibu, "Na magunia je, ni ya Mungu?" Wakaachana hivyo.

Ofisi ya maji ikamtuma afisa, Bi. Violet, mwanamke mnene mwenye buti za mpira na subira. Akasema sasa kila mfongo unaandikishwa. Atarudi, akae na pande zote mbili pale kwenye banio, pale mfongo unapochota maji mtoni. Ukoo utakaoonyesha kwamba mkubwa wao ndiye aliyechimba, zamu yake ya kwanza itaandikwa na haitaguswa tena. "Leteni ushahidi," akasema. "Si maneno ya pombeni."

Wazee waliojua walikuwa wamekufa. Mimi nilikuwepo, lakini mimi ni mimi.

Ndipo Theopista akaanza kushuka Moshi kila Jumamosi, kwa Magreth. Magreth alikuwa na chumba nyuma ya duka la viatu, chenye kompyuta zilizopangwa kama mizinga ya nyuki, na watoto wa mjini walikwenda pale kuandikiana barua za mapenzi na Wazungu. Theopista alikwenda kutafuta mfongo. Jumamosi moja alikuja kwangu asubuhi.

"Bibi, vaa viatu. Twende mjini ukanitambulie watu."

"Watu gani?"

"Wafu."

Nikavaa viatu.

Njiani alinieleza. Vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani vimetoa karatasi zao kabatini, vikazipiga picha, vikazitia kwenye mashine, na mtu wa popote akiita vizuri zinamjia.

"Na wenyewe wameruhusu?" nikamuuliza.

"Wenyewe nani?"

"Sisi."

Alicheka kidogo. Theopista hacheki sana.

Haki ya Mungu, niliyoyaona kwenye kile kioo siku ile yangejaza ghala la chama cha ushirika mpaka paa lifunguke. Wajerumani wa misheni na tarumbeta zao, na nyuma yao wavulana wetu wenye kanzu, wamekunja nyuso kama waliolishwa limau. Ramani ya mito yetu iliyoandikwa majina kombo. Kitabu kizima cha bwana mmoja kuhusu ugonjwa wa majani ya kahawa. Mwingine ameandika jinsi tunavyozika, kwa uhakika kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Mwingine amepanga aina za ndizi zetu, na mshare amemsahau! Nyingine zilikuwa zimefungwa. Zinakuonyesha kichwa cha habari tu, halafu zinadai kadi ya benki, kama mtu anayekuonyesha mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, huku amekalia kifuniko.

"Madam, usiandike mfongo," Magreth alimwambia. "Hii kitu haijui Kichagga. Weka Kiingereza, halafu weka Kilimanjaro, halafu omba umeme usikatike."

Picha zikapita. Nikamtambua katekista. Nikamtambua mwanamke aliyeniibia kitenge. Halafu akaja mwanamume amesimama kwenye mawe, mguu mmoja juu ya banio, kofia mkononi, kidevu kimeinuka kana kwamba amemwazima mtu mlima wote naye anasubiri urudishwe.

"Mae!" nikasema. "Shikamoo shemeji!"

Magreth akacheka mpaka akashika meza. "Bibi, hakusikii huyo."

"Hata alipokuwa hai hakuwa anasikia."

Alikuwa Yohana. Niliikumbuka siku yenyewe. Wakati wa Mwingereza alikuja msomi mmoja mwembamba, soksi zimefika magotini, anauliza habari za mifongo. Nilikuwa bibi harusi mpya, nikachungulia kupitia majani ya mgomba. Theopista alikuwa ameshikilia mdomo. Nikafikiri ni furaha, maana hapo ndipo babu yake alipo, kwenye banio lake, kwenye maktaba ya Wazungu. Kumbe anasoma maneno ya chini.

"Soma kwa sauti," nikamwambia.

"Yohana, mkulima. Asema mfongo huu ulichimbwa na ukoo wa Efraimu, watu wa juu."

Mimi nikaangua kicheko, kosa langu ni hilo tu, maana hadithi ile naijua. Yohana mwenyewe aliisimulia kwenye mbege miaka na miaka. Alidhani mzungu anatafuta pa kutoza kodi ya maji. Jina la mchimbaji asingelitaja hata kwa viboko, basi akaona, kama lazima ataje mtu, ataje wa juu. Kodi ikija, walipe wao. Hata Efraimu alicheka aliposikia, kwa sababu na yeye alimwambia mzungu yule yule kwamba ng'ombe waliomo ndani ya nyumba yake ni wa padri. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukijibu wageni. Aliyesema kweli alionekana mgonjwa.

Theopista hakucheka. "Bibi, nani mwingine aliye hai anayeijua hadithi hii?"

Nikafikiri. "Yoramu. Ameisikia toka yuko mgongoni kwa mama yake."

 Halafu akamwambia Magreth aitoe ile picha kwenye karatasi, kwa ajili ya baba yake. Sirili hakuwahi kuwa na picha ya baba yake hata moja.

"Nikate haya maneno ya chini, madam?" Magreth alikuwa na mkasi tayari. "Itakaa smati."

Nikamkonyeza akate. Theopista alitazama ule mkasi kama unavyotazama nyoka na kuku kwa pamoja. "Usikate," akasema. "Nafundisha watoto kwamba karatasi haikatwi." Lakini garini tukirudi, akidhani nimelala, aliikunja ile sehemu ya maneno kwa nyuma, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka mkunjo ukalala.

Sirili alipopewa aliishika kwa ncha za vidole. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Akagusa uso wa baba yake kwa mgongo wa mkono, jinsi tunavyopima homa ya mtoto.

"Kumbe alikuwa kijana," akasema. "Mama mdogo, mimi namzidi umri."

Tukamwacha pale. Ningekuwa na akili ningebaki, maana siku hiyo hiyo aliipeleka kwa seremala itiwe fremu, na seremala, mtu wa kazi safi, akakuta mkunjo, akaukunjua, akaunyoosha, akaufunika na kioo. Picha ikarudi Ijumaa na maneno yake yote. Sirili hajui Kiingereza. Aliona ni pambo. Theopista alikuwa shuleni. Alipoiona ukutani ilikuwa Jumapili, na watu walikuwa wameshaanza kuingia kumwona Yohana, kwa sababu Sirili alikuwa ametengeneza mbege.

Na mbege ikiwa nyumbani, jirani akipita mlangoni huwezi kumwacha apite, hata kama ameziba maji yako. Yoramu alipita. Nadhani alipita makusudi. Sirili akamkaribisha, akaonja mwenyewe kwanza kama inavyopasa, akampa kibuyu. Yoramu akanywa, akasogea ukutani, akaangalia picha, akainama. Herufi za jina la baba yako huzijui kwa lugha gani?

"Sirili, mbe, hapa chini wameandika nini?"

"Kiingereza tu."

"Jina la baba yangu si Kiingereza."

Tukasikia mbege ikichemka kwenye pipa. Sirili akamgeukia binti yake. "Theopista, pameandikwa nini?"

Angeweza kudanganya. Babu yake angedanganya, mimi ningedanganya huku natabasamu. Theopista akasoma yote, kwa Kiswahili, kama anavyosoma darasani.

"Mnasikia," Yoramu akasema polepole. "Sijasema mimi. Kasema Yohana."

"Yoramu!" nikaruka. "Unajua kabisa ulikuwa utani. Baba yako mwenyewe alicheka hapa hapa, akamwaga mbege kwenye suruali!"

"Bibi," akanijibu kwa adabu zote, "si wewe uliyetuambia mkungu wako wa ndizi ulianguka ukaua chui?"

Watu wakacheka. Nikasema chui yule alikuwa mzee, lakini nilikuwa nimechelewa. Nimesema uongo mtamu maisha yangu yote, na siku niliyobeba kweli moja nikakuta haina pa kukaa. Yoramu akarudisha kibuyu, akaenda zake. Tulisikia kesho yake kwamba amemtuma mtu kwa Magreth kutoa karatasi kama ile ile. Ile maktaba haina mlango, sote tunaingia.

Theopista akarudi mjini. Jumamosi moja umeme ulikatika, nyingine kitabu kilikuwa kimefungwa. Alikonda. Mabinti zake walikuwa wanabeba maji kwa ndoo kumwagia migomba, mgomba mmoja ukisimama mwingine unalala. Halafu akapata. Yule msomi mwembamba alikuwa ameandika makala katika jarida la zamani, na kile chuo kilichoifunga hakikujua kwamba chuo kingine kimeiacha wazi. Mle ndani alikuwa ameweka majibu yote ya Yohana, neno kwa neno, swali kwa swali. Theopista akaja kutusomea jikoni kwa Sirili.

Yohana alisema hana mke. Alisema hana mtoto na hatarajii. Ng'ombe hana, hajawahi kuwa naye, anaogopa ng'ombe. Ana mbuzi mmoja, kilema. Hata mlima Kibo aliulizwa ni wa nani, akasema ni wa Efraimu.

Mimi nilikuwa nimeshikilia mbavu. Theopista akachukua fremu ukutani, akaweka kidole nyuma ya bega la Yohana, penye migomba. Pale palikuwa na matako ya ng'ombe, na chini ya jani, vitu viwili vya mviringo.

"Magoti yale ni yangu," Sirili akasema. "Aliniambia nijifiche."

"Basi tumeshinda, baba. Nikisoma yote, hakuna mtu atakayeamini neno lake moja. Kama hakuwa na mtoto, wewe umetoka wapi?"

Sirili aliirudisha fremu kwenye msumari wake. Alichukua muda kuinyoosha.

"Usisome," akasema.

"Baba, maji..."

"Nimesikia. Unataka nisimame pale, kwenye banio ambalo babu yangu alilichimba na baba yangu akalichinjia tambiko, mbele ya watoto wa Efraimu, niseme baba yangu alikuwa mwongo."

"Si wewe. Nitasema mimi."

"Ni hivyo hivyo. Watacheka, Theopista. Nawajua. Tukose maji, tuuze migomba tununue unga, lakini mtu huyu asichekwe mahali pake."

"Na wajukuu zake wale nini? Heshima?"

 Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha nikakosa, na hilo kwangu ni kama kukosa pumzi.

Siku ya Bi. Violet tulipanda wote. Banioni ni mahali pa wanaume. Sisi wanawake tukakaa upande wa jiwe. Yoramu alitoa karatasi yake, ikasomwa, wa juu wakaitikia. Bi. Violet akamuuliza Sirili kama huyu pichani ni baba yake. Akasema ndiye. Akamuuliza kama maneno yale ni ya baba yake. Maji yalikuwa yanapita hapo miguuni, kelele yake nzuri.

"Ni ya baba yangu," Sirili akasema.

"Na ni ya kweli?"

Sirili akaangalia kofia yake. Mtu asiyejua kwamba kwetu mtoto hamwiti baba yake mwongo hadharani angefikiri hana la kusema. Bi. Violet akaanza kuandika.

Ndipo Theopista akavuka jiwe, akasimama kati ya wanaume. "Mama afisa, mtu yule aliulizwa maswali mengi. Naomba yasomwe yote." Na hakungoja ruhusa. Aliposoma kwamba Yohana hana mke, watu wakatazamana. Aliposoma kwamba anaogopa ng'ombe, mzee mmoja wa juu akakohoa. Alipofika kwenye mbuzi kilema kilima kizima kikapasuka, na alipofika kwenye Kibo ya Efraimu watoto wa Yoramu walikuwa wamelala majanini, machozi yanawatoka. Hata Bi. Violet alifunika uso na faili. Mmoja akapaza sauti, "Sirili, wewe umezaliwa na mbuzi?" Na wakacheka upya.

Sirili akavaa kofia. Akateremka peke yake kwa njia ya mfongo, wala hakugeuka.

Yoramu peke yake hakucheka. Bi. Violet alimkazia macho, akamwambia, "Mzee, wewe ulikuwa unajua." Yoramu akasema karatasi ni karatasi. Bi. Violet akaandika kwamba ukurasa ule hauwezi kuthibitisha chochote, wala kwa huyu wala kwa yule, na kwa hiyo zamu zibaki zilivyokuwa zimezoeleka: wa chini kwanza. Magunia yakatolewa siku ile ile.

Maji yalishuka alfajiri. Kufungua ni kazi ya mwanamume, na mwanamume wa nyumba ile alikuwa kitandani, uso ukutani. Theopista akachukua jembe akafungua mwenyewe. Wapo waliosema mfongo uliofunguliwa na mwanamke utakauka. Mpaka leo haujakauka, ingawa kila kiangazi naona wanauchungulia kwa matumaini.

Jioni akakata jani la sale, akamletea baba yake kwa mikono miwili. Kwetu mtu akikuletea sale huwezi kumkatalia msamaha, hata kama amekuulia ndugu. Sirili hakukataa. Alilipokea, akaliweka mezani, akasema, "Nimelipokea."  Jani lile lilikauka pale pale mezani, hakuna aliyethubutu kuliondoa.

Tangu hapo Sirili hanywi maji ya mfongo. Anapanda na dumu lake mpaka bomba la kanisani, mtu na magoti mabovu, na akirudi anapita mbele ya nyumba ya binti yake akisalimia kama anavyosalimia wapita njia. Theopista ananiambia, "Bibi, mwambie baba." Nimwambie nini? Ameshinda, migomba imesimama, mabinti wana mashavu, naye jioni anakaa mlangoni kusahihisha madaftari huku anasikiliza dumu la baba yake likigonga mawe.

Juzi nilimkuta Sirili anakula mtori aliopelekewa na mjukuu. Nikamuuliza, "Na ndizi hizi unazokula, zilikunywa maji ya wapi?"

Akasimamisha kijiko. Akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akaendelea kula.